Muulize Mtunza Ghala: Winchester ya Kaka, Bunduki ya Babu

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji. Kaka yangu yuko Vancouver, Kanada. Mwezi uliopita alinunua bunduki ya zamani aina ya Winchester, akaturushia picha kwenye grupu la familia. Ina herufi C yenye mshale ndani yake, na muuzaji kamwambia ni bunduki ya askari wa Vita Kuu ya Pili. Bei iliongezwa kwa sababu ya alama hiyo. Shangazi alipoona picha akasema, "Mbona hata ya babu yenu iliyoko darini ina mkono kama huo chini?" Tukaishusha, kweli ina mkono; picha za zote mbili nimekutumia. Shangazi anadai babu, aliyefariki 1983, alirithi kwa wazee walioachiwa na Stanley, yule mpelelezi wa kizungu. Je, ya kaka ni ya vita kweli? Ya babu nayo ni Winchester? Na tukiisafisha tukaitundika sebuleni kuna ubaya? Pamoja nayo kulikuwa na kitambaa chenye risasi mbili.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na kile kitambaa, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Risasi hizo msizisugue, msizigonge, msizijaribu. Baruti ya kizee haina adabu. Wekeni watoto mbali, mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi, aende mikono mitupu, awaambie wazi kilichopatikana na wapi, wao waje kuchukua. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue. Bunduki nayo msiibebe kwenye gunia juu ya bodaboda, hata kama mnaipeleka kusalimisha, kwa sababu mkikamatwa njiani nani ataamini safari ilikuwa ya kwenda kituoni? Kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na sheria haiulizi kama ina kutu. Kwa hiyo sebuleni, hapana.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Nilishika funguo za ghala la silaha la askari wa wanyamapori hapa Tabora miaka kumi na tisa. Humo zilikuwa zikiingia bunduki za kila ukoo, nyingi zikiwa magobole yaliyokamatwa pori la Ugalla, na nilichojifunza ni kwamba mtu hutazama mkono wa bunduki kabla ya kutazama mkono huo umeshikamana na nini.

Katika picha ya kaka yako, wenzo, yaani ule mkono, umeungana na kingo ya kifyatulio, ni pete kubwa ambayo vidole vinaingia. Juu nyuma kuna nyundo unayoiona kwa macho, na chini ya mtutu kuna bomba refu lenye kubeba risasi kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Hiyo ni Winchester ya 1894, kazi ya akili ya John Browning. Ya babu haina nyundo nje wala bomba. Mkono wake umelala nyuma ya kifyatulio, umefuata shingo ya kitako. Ukiubonyeza chini, kipande cha chuma ndani kinazama, unatia risasi moja kwa kidole, unarudisha mkono, unapiga, unaanza tena. Hiyo ni Martini-Henry ya Mwingereza, bunduki ya risasi moja. Picha yako ya upande wa kulia inaonyesha taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, neno Enfield na mwaka 1881. Umenirahisishia kazi, mwanangu, sijahitaji hata miwani ya pili.

Shangazi atanisamehe kuhusu Stanley. Ni kweli alikuja huku na bunduki za wenzo. Mwaka 1871 mizigo yake ilikuwa na Winchester moja na Henry moja, zote mbili za kupiga mara kumi na sita bila kujaza, pamoja na gumegume, bunduki za kuwashwa kwa jiwe, ishirini na nne za askari wake. Akakaa Kwihara, hapa nyuma ya Tabora, akaenda na Waarabu kupigana na Mtemi Mirambo, wakashindwa, ndipo akazungukia kusini hadi Ujiji. Lakini mara yake ya mwisho kukanyaga Ujiji ilikuwa 1876. Bunduki iliyogongwa chapa 1881 hakuiacha yeye. Ilifika kwa nani, hapo shangazi ndiye maktaba. Mketi naye kabla polisi hawajaja, muandike kila jina analolikumbuka, mpige picha za chapa zote kwa mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, si kwa taa ya simu inayopofua chuma. Chuma mtakikabidhi, habari zake zibaki kwenu.

Ya kaka. Alama ya C yenye mshale ni mali ya serikali ya Kanada, na hadithi ya muuzaji inaweza kuwa ya kweli. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuingia vitani, pwani ya British Columbia iliundiwa kikosi cha kujitolea kilichoitwa Pacific Coast Militia Rangers: wakata magogo, wavuvi, wategaji wa wanyama. Lee-Enfield, bunduki za kawaida za jeshi, zilitakiwa na askari waliokwenda ng'ambo, hivyo hawa wakapewa, miongoni mwa nyingine, Winchester 94, ndiyo hiyo ya 1894, na Marlin za wenzo. Kikosi kikavunjwa 1945.

Shida ni kwamba C na mshale ni chapa ya kugongwa, na nyundo na patasi kila fundi anazo. Mwambie kaka aanze na namba ya bunduki, atafute ni ya mwaka gani. Kama ilitengenezwa baada ya vita, mazungumzo yameisha. Na kama ni ya 1964 kuja huku, kiwanda kilipobadilisha utengenezaji, hata mnunuzi mgeni atacheka. Kama mwaka unakubali, achukue kioo cha kukuzia. Chapa ya zamani imechakaa pamoja na chuma kilichoizunguka, kingo zake zimelainika na rangi ya ndani inafanana na ya nje. Chapa ya juzi ina kingo kali zilizoinuka, au inang'aa chini wakati juu pamefifia. Aangalie pia kama mbao ya kitako ina alama hiyohiyo, na kama imezeeka sawasawa na ile ya chuma. Kwa picha aliyotuma, ya chuma naiona imezeeka vizuri. Ya kwenye mbao ina makali yanayonitia wasiwasi. Bunduki inaweza kuwa ya vita kweli na kitako kikawa cha kuongezewa bei. Na asiipige msasa! Mtu akisugua, ushahidi wote umeishia kwenye kitambaa.

SWALI: Kama bunduki hizo za wenzo zilikuwa za haraka, mbona babu zetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la enzi za ukoloni, hawakupewa? Msomaji, Nzega.

JIBU: Lala kifudifudi, kisha jaribu kushusha mkono wa bunduki chini ya kifua chako. Unagonga ardhi. Tena kwenye bomba, ncha ya risasi inagusa fataki, kile kiwashio cha kitakoni, ya iliyo mbele yake, kwa hiyo risasi zenye ncha kali, ambazo majeshi yalizipenda, zinaweza kulipukia ndani. Waliozinunua wengi walikuwa na njaa ya bunduki: Jeshi la Marekani lilichukua 1,800 za muundo wa 1894 mwaka 1918 kwa walinzi wa misitu ya mbao za kuundia ndege za vita, zikagongwa bomu linalowaka na herufi US. Mnunuzi mkubwa alikuwa Mrusi, zaidi ya Winchester 290,000 za muundo wa 1895, ambao hauna bomba bali kisanduku chini, na juu una reli mbili za chuma ili risasi tano ziteremke kwa mkupuo. Ukiona reli hizo kwenye bunduki ya wenzo, usiulize nyingine.