Maswali na Majibu: Dawa Tunazomeza na Fangasi Wanaofuata

Barua nyingi za safari hii zina lalamiko la aina moja, kwa hivyo nimezikusanya pamoja.

Nilimeza amoksilini siku tano kwa maumivu ya jino. Sasa nawashwa sehemu za siri na natokwa na uchafu mweupe mzito kama mtindi. Je, ni dawa hiyo? (Mama, Mwanakwerekwe)

Inawezekana kabisa, bibi. Ukeni mwa mwanamke mzima mna bakteria wema wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo husaidia kumzuia kandida, fangasi anayeishi katika miili ya watu wengi bila ya kuleta udhia, asizidi kiasi. Amoksilini ni antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na antibayotiki haimjui adui wala rafiki. Huua bakteria wa kwenye jino na hao walinzi pia, ilhali fangasi haimgusi, naye huupata uwanja mtupu. Kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, au kwa flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja tu. Mwenye mimba asiimeze hiyo flukonazoli, atumie ya kuweka.

Hata hivyo, nenda kwanza ukapimwe. Uchafu wa kijivu wenye harufu ya shombo si wa fangasi, ni wa bakteria, na dawa yake ni nyengine. Huo mara nyingi huwapata wanaojiosha ndani kwa sabuni, ndimu na vitu vya chupa, na ningewaomba makungwi waache kuwafundisha wari jambo hilo. Hukuniuliza habari ya jino, ila nitasema: jino lililooza linamhitaji daktari wa meno. Antibayotiki huweza kupunguza uvimbe kwa siku chache, na jino likabaki na uozo wake.

Je, Panadol inaleta fangasi? (Msomaji, Wete)

Haileti.

Mwanangu wa skuli ana pumu na amepewa dawa mbili za kuvuta. Ulimi wake umefanya utando mweupe. Nimwachishe? (Baba, Chake Chake)

Usimwachishe, kwani pumu inaua na utando huo hauui. Ile ya kufungua pumzi anapobanwa, salbutamoli, haihusiki. Inayohusika ni ile ya kila siku yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ambayo sehemu yake hubakia mdomoni na kooni na kupunguza kinga ya mahali hapo. Kila akishavuta, asukutue kwa maji na ateme, asiyameze. Ombeni pia chombo cha kupitishia dawa, kile kinachoshikizwa kwenye kopo, kwa sababu huifikisha dawa nyingi zaidi mapafuni na kidogo zaidi ulimini. Utando uliokwisha kuota hutibiwa kwa nistatini ya maji.

Zimebaki rangi mbili, vile vidonge vya antibayotiki, kutoka dozi yangu. Nimpe mdogo wangu mwenye mafua? (Kijana, Darajani)

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi hata naona haya kulirudia. Mafua ni ya virusi, na antibayotiki haiviui virusi. Na dozi iliyobaki ina maana kwamba wewe mwenyewe hukuimaliza kama ulivyoagizwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 kwamba anayetumia dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuihimili dawa. Sisi bado tunanunua vidonge vinne vinne kama tunanunua peremende, na muuzaji anatukatia bila ya kutuuliza kitu.

Nilipata choa shingoni, nikapaka krimu ya mchanganyiko ya dukani. Kuwashwa kuliondoka, sasa choa kimeenea hadi kifuani, na harusi yangu imekaribia. (Bi harusi, Bububu)

Krimu nyingi za namna hiyo huwa na dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi ndiyo iliyokuondolea kuwashwa, na hiyo hiyo ndiyo iliyomnyima ngozi kinga, hivyo fangasi akaenea kimya kimya bila ya ile duara yake inayojulikana, hata daktari akapata tabu kumtambua. Ipeleke krimu yenyewe pamoja na ngozi yako kwa daktari wa ngozi. Iwapo unatumia pia krimu ya kujichubua, mwambie bila ya kuficha, maana nyingi zina steroidi hiyo hiyo. Liwa ya bibi zetu haikuwahi kumchubua mtu.

Nina kisukari. Nimebadilishiwa dawa, sasa natumia dapagliflozini, na nimeanza kuwashwa mbele. Mimi ni mwanamme, fangasi si maradhi ya kike? (Mzee, Mkoani)

Si ya kike, mzee wangu. Dawa hiyo hushusha sukari kwa kuitoa kupitia mkojo, na sukari inayopita hapo ni chakula cha kandida. Osha kwa maji, kausha vizuri, paka klotrimazoli, wala usiiache dawa ya kisukari bila ya kuzungumza na aliyekuandikia. Ukiona uvimbe na maumivu makali baina ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, pamoja na homa, usingoje asubuhi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na ukitumia pia glibenklamidi, dawa nyengine ya kisukari, usijinunulie flukonazoli, kwa sababu zikikutana mwilini sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka.