Mafaili yakihama polepole nyumbani, tazama namba halafu tazama waya

Faili linalotoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani halitoki nje ya nyumba. Linapita kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, na kuendelea na safari yake. Kwa hiyo kununua kifurushi kikubwa cha intaneti hakuliongezei kasi hata kidogo, na inaniuma kuona watu wakimaliza fedha huko.

Mimi nahariri video za harusi. Kazi moja inaweza kufika GB 60, na lazima ihamie kwenye kompyuta ya mezani usiku uleule ili nakala ya pili iwe salama. Ninachotazama kwanza ni ile namba inayoonekana wakati wa kunakili. Kompyuta huhesabu kwa megabaiti, lakini ruta huuzwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 100 basi hauwezi kuvuka megabaiti 12.5 kwa sekunde, na kwa kawaida utapata 11 hivi. Namba ikiganda kwenye 11, haipandi wala haishuki, mahali fulani njiani pana kifaa au waya wa megabiti 100. GB 60 zitakula saa moja na nusu. Kwa mtandao wa gigabiti, yaani megabiti 1,000, zinahama kwa kama dakika 10.

Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu. Lakini kama yako ni ya gigabiti, shika kichwa cha kebo ukiangalie kwenye mwanga. Ndani mna nyaya 8. Megabiti 100 hutumia 4 tu, gigabiti inazitaka zote. Niliwahi kukuta waya wa kahawia umeishia njiani, haukufika chini ya meno ya shaba. Fundi alikibana kichwa kwa haraka. Intaneti ilikuwa inafunguka vizuri tu, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Kichwa kilipobadilishwa, kasi ikapanda hadi megabaiti 110. Kwenye Windows, hali ya kadi ya mtandao itakuonyesha kama umeunganishwa kwa 1.0 Gbps (gigabiti) au 100 Mbps (megabiti 100).

Waifai ina tabu yake. Kompyuta zote mbili zikiwa hewani, kila kipande cha data kinarushwa mara mbili: kwenda ruta, kisha kutoka ruta. Chomeka hata moja tu kwa waya utaona tofauti. Na uhame masafa ya Waifai ya 2.4 GHz uende ya 5 GHz yenye kasi zaidi, ingawa kuta za tofali huyadhoofisha haraka haya ya 5 GHz.

Namba ikiwa inapandashuka, shuku diski. Diski ya nje ya USB 2.0 ni nadra kuvuka megabaiti 40, na maelfu ya picha ndogondogo huchosha diski yoyote; zifungashe kwenye zip moja kwanza. Kuna programu ya bure, iperf3, inayopima mtandao bila kugusa diski. Ikionyesha megabiti 940 na kunakili bado kunasuasua, mtandao hauna kosa.

Kama ruta ndiyo kikwazo, usiitupe. Nunua swichi ndogo ya gigabiti (kisanduku chenye matundu ya kuunganishia nyaya za mtandao), chomeka kompyuta zote mbili hapo, kisha waya mmoja uende kwenye ruta kwa ajili ya intaneti. Ukikosa swichi, unganisha kompyuta kwa kompyuta kwa kebo ya kawaida. Kadi za gigabiti hupanga zenyewe upande wa kutuma na wa kupokea.