Ukifika Törbel, hesabu majani kabla ya ng'ombe

Kila mgeni ninayempokea hapa Bern, awe binamu kutoka Moshi au mtu aliyekuja kwa semina ya siku tatu, ombi lake ni moja: nipeleke Zermatt nikaone mlima Matterhorn. Siku hizi nawaambia sawa, tutapanda treni hiyo hiyo ya Zermatt, ila tutashuka Stalden. Hapo kuna basi la posta la manjano linalopanda hadi kijiji cha Törbel. Kama una siku moja tu ya milima ya Uswisi, nakuomba uitumie huko.

Kufika si kazi. Tangu handaki jipya la Lötschberg lifunguliwe mwaka 2007, kilomita zake 34.6 zimeifanya safari ya Bern hadi Visp iwe chini ya saa moja. Ukitoka Visp, weka simu mfukoni uangalie mteremko. Visp iko kama mita 650 juu ya usawa wa bahari, Stalden kama 800, Törbel karibu 1,500, na malisho ya Moosalp juu ya kijiji yanapita 2,000. Zamani kila kaya ilihitaji kitu katika kila ngazi ya mlima: mizabibu chini kwenye joto, bustani na rai (nafaka ndugu ya ngano, inayovumilia baridi) karibu na nyumba, makonde ya majani, kisha msitu, na juu kabisa malisho ya wote. Vipande vya shamba vilikuwa vidogo na vimetawanyika, na kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kupanda na kushuka.

Mimi nimezaliwa mteremkoni mwa Kilimanjaro. Ng'ombe wetu alikaa bandani, na mama alishuka tambarare kukata majani, akarudi na mzigo kichwani. Nilidhani kwa hiyo kwamba najua kila kitu kuhusu majani ya ng'ombe. Siku yangu ya kwanza Törbel, mwezi Juni, nilikata njia katikati ya konde lililojaa maua ili nipige picha nzuri. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka barazani kwake, kisha akaja. Hakunitukana. Aliinama, akayanyanyua kwa vidole majani niliyoyalaza, nayo yakaanguka tena. Akaniambia kwa Kijerumani cha pole pole ili nielewe: mashine haiwezi kukata kilicholala, na hiki ni chakula cha Januari. Niliona aibu kweli. Tafadhali usirudie kosa langu: majani yakiwa hayajakatwa, pita kwenye kijia tu, hata kama hakuna uzio.

Januari hiyo ndiyo ufunguo wa historia ya kijiji. Wakati wa kiangazi majani ya Moosalp yanaweza kumshawishi mtu alete ng'ombe ishirini, kwa kuwa malisho ni ya wote na halipii kitu. Mwaka 1517 watu wa Törbel waliandika kanuni ya kuzuia hilo: hakuna mwanakijiji atakayepeleka malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Fikiria ilivyokaa vizuri. Majani ya baridi yanatoka kwenye makonde yako mwenyewe, umeyakata na kuyabeba mwenyewe, na jirani anaona ghala lako limejaa kiasi gani. Mali ya mtu binafsi ndiyo ikawa kipimo cha haki yake katika mali ya wote. Aliyezidisha alitozwa faini kubwa, na msimamizi aliyechaguliwa alipewa nusu ya faini anazokusanya, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kufumba macho.

Kabla ya hapo, tarehe 1 Februari 1483, walikuwa wameshasaini mkataba wa kuunda ushirika wa kusimamia malisho, msitu na ardhi isiyolimwa. Ulisema wazi kwamba mgeni akinunua kiwanja kijijini hapati haki ya malisho wala ya kukata mti kwa kununua tu. Ni sheria kali, na sikuipenda nilipoisoma, mimi ambaye ni mgeni kila mahali nchini humu. Lakini naelewa walichokuwa wanakilinda.

Kuni nazo ziligawanywa kwa namna inayonifurahisha hadi leo. Msimamizi wa msitu aliweka alama kwenye miti ya kukatwa mwaka huo, watu wakafanya kazi kwa vikundi, wakapanga magogo katika mafungu sawa, kisha wakapiga kura kujua nani anachukua fungu lipi. Ukipanga fungu bila kujua litakuwa la nani, unalipanga sawasawa.

Maji vilevile. Bonde la Visp ni kati ya maeneo makavu kabisa ya Uswisi, hivyo watu walichimba mifereji mirefu, wanayoiita Suonen, kuleta maji kutoka juu, na kila mtu alikuwa na zamu yake. Mchaga yeyote aliyekua na mfongo, yaani mfereji wetu wa jadi wa kumwagilia, atasimama kando ya mfereji ule na kujisikia nyumbani. Umwagiliaji huu wa jadi uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2023.

Dunia iliijua Törbel kupitia mwanaanthropolojia Mmarekani Robert Netting, ambaye kabla ya Alps alikuwa amefanya utafiti kwa wakulima wa milimani Nigeria, jamii ya Wakofyar. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliitumia kazi ya Netting kuonyesha kwamba si lazima mali ya wote iharibike, kama wenyewe wana kanuni na wanazisimamia.

Usitegemee lakini kukuta watu wanaishi kwa ng'ombe. Kijiji kina watu kama 500 hivi. Kiwanda cha kemikali cha Lonza kule Visp kimeajiri watu wa vijiji vya juu kwa zaidi ya miaka mia moja. Wengi walifanya zamu kiwandani na kukata majani jioni. Wafugaji waliobaki wanapata ruzuku ya serikali, na bila hiyo sidhani kama makonde haya ya mteremko mkali yangekatwa. Utaona pia nyumba zenye madirisha yaliyofungwa: ni za watu wa likizo.

Msalimie kila unayekutana naye. Huku juu wanasema "Tagwoll". Beba chakula ukienda Jumapili, na sweta hata Julai. Na ukikuta ghala la zamani la mbao lililosimama kwa miguu, chungulia chini yake: juu ya kila mguu kuna bamba pana la jiwe la mviringo, ili panya akipanda agonge mwamba asifikie nafaka.

Septemba nilirudi. Mzee yule alinikumbuka, akanifungulia ghala lake. Majani yalikuwa yamefika darini, makavu, yananukia tamu kama chai. Nikamuuliza ni ya ng'ombe wangapi. Akanishika mkono, akanishusha zizini, nako kulikuwa kutupu kwa sababu walikuwa bado hawajashuka kutoka Moosalp. Ukutani nilihesabu minyororo saba.