Ng'ombe wa jirani anasimama kwenye samadi, nimwambie nani?

*Shikamoo mama. Nimepanga Makorora, na dirisha la chumba changu linatazama banda la ng'ombe wa jirani. Mwenyewe yuko Dar es Salaam, amemwachia kijana wa kumhudumia. Tangu masika ng'ombe huyo anasimama kwenye samadi iliyopita kwato. Maji anapewa ndoo moja asubuhi, siku nyingine hapati kabisa, na usiku analia. Nilipomwambia mama mwenye nyumba alinijibu, "Ng'ombe wake, banda lake, wewe mpangaji unatafuta nini?" Mama, huu ni ukatili au ni umaskini tu? Na nikisema, nimwambie nani?*
Mpangaji, Makorora

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na iliyonikaa moyoni ni hiyo ndoo moja. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto la Tanga anaweza kunywa lita 60 mpaka 100 kwa siku, maana kila lita ya maziwa inataka lita 4 au 5 za maji. Ndoo zetu hizi ni za lita 20. Kama huyo anakamuliwa, hesabu ifanye mwenyewe.

Nimekuwa afisa mifugo miaka 31, mingi kati ya hiyo nikizunguka mabanda ya mjini humu. Tanga ina ng'ombe wengi wa kufungiwa ndani tangu miaka ya 1980, watu walipoanza kupewa mitamba kwa mtindo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ni ufugaji mzuri, umesomesha watoto wengi. Lakini ng'ombe aliyefungiwa hawezi kwenda kujitafutia maji mtoni wala kivuli chini ya mwembe. Kila kitu chake kiko mikononi mwa mtu. Mtu huyo akisafiri, akiugua au akichoka, ng'ombe hana pa kwenda.

Kwa hiyo swali lako la ukatili au umaskini nalijibu hivi. Kwa sheria, kumnyima mnyama maji, chakula au matibabu ni kosa kama kumpiga. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia. Umaskini wa mwenye ng'ombe haufuti kosa, ila unatuonyesha namna ya kumwendea. Na hapo ulipo pananukia jambo nililolikuta mara nyingi: tajiri yuko mbali, hela ya pumba na mashudu haitumwi, na kijana mwenyewe hajalipwa miezi miwili. Kijana kama huyo naye anaonewa. Usianze kwa kumfokea.

Sasa tazama vizuri, lakini baki dirishani kwako, usiingie kwenye banda la watu. Tazama kama analala. Ng'ombe mzima hulala saa 10 au 12 kwa siku, akicheua. Anayesimama kutwa na usiku kucha ama anaogopa kulala kwenye tope, ama miguu inamuuma. Tazama kwato: zikiwa ndefu, zimepinda mbele mithili ya makubazi, jua hazijakatwa kwa muda mrefu. Mifupa ya nyonga ikichongoka na shina la mkia likibonyea pande zote mbili, njaa imekuwa ya miezi, si ya juzi. Macho yaliyozama ndani ni kiu. Akipumua mdomo wazi, ulimi nje, joto limemzidi. Tazama na masikio na kiwele kama kuna kupe, maana kupe ndio wanaoleta ndigana. Kiwele kikilalia samadi kila siku huvimba na maziwa huganda mabonge. Ng'ombe huyo hata kuguswa chuchu hataki.

Andika. Chukua daftari, weka tarehe, saa na ulichokiona kwa macho yako. "Jumanne saa 12 asubuhi ndoo moja. Jumatano hakuna." Siku 3 au 4 zinatosha. Picha piga, lakini usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukifanya hivyo yatakuwa magomvi ya majirani, na ng'ombe atasahaulika.

Kisha nenda kwa afisa mifugo wa kata. Utampata kwa kuuliza ofisi ya mtendaji wa kata. Kama unaona haya kwenda peke yako, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, mwende naye. Mwombe afisa asikutaje jina. Mimi nilikuwa nikiingia mabanda matatu ya mtaa mmoja kana kwamba nakagua kupe, mtu asijue nani kasema. Wiki ikipita bila mtu kufika, peleka daftari lako idara ya mifugo ya halmashauri ya jiji. Polisi ni kwa yale yasiyoweza kungoja, mfano mtu anampiga mnyama au anamkata sasa hivi.

Na maji? Leo jioni mwite yule kijana, msalimie, mwulize kama ana shida gani, kisha mpe ndoo 2 ampelekee. Hilo halihitaji ruhusa ya ofisi.

Nikuambie kwa nini nakuharakisha. Mwaka wangu wa nne kazini kulikuwa na ng'ombe mmoja nikimpita njiani. Niliona anakonda. Mwenye banda alikuwa mkwe wa shangazi yangu, nikaona aibu. Nikasalimia nikapita, mara tatu. Nilipoitwa hatimaye nilimkuta amelala, hawezi kuinuka, ubavu una vidonda vya kulalia. Tulimwinua watu sita, miguu ikakataa. Ilibidi achinjwe. Mama mwenye nyumba wako anauliza unatafuta nini. Mimi sikutafuta kitu, na ng'ombe yule alikufa nikimjua.

*Mama, watoto wa mtaani kwetu Chumbageni wamemfunga mbwa koko kamba ya nailoni shingoni, wanamburuta na kumpiga mawe. Nikiwakataza wananiambia mbwa ni najisi. Nifanyeje?*
Mama Mwanaidi

Mama Mwanaidi, waite hao watoto uwakalishe barazani. Unajisi wa mate ya mbwa ni habari ya kuosha chombo, haukumruhusu mtu kumtesa. Waulize kama ustadhi wao hajawasimulia yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ukitaka nguvu zaidi, mwombe ustadhi mwenyewe aizungumze madrasa. Atasikilizwa kuliko mimi na wewe.

Kamba hiyo usiifungue kwa mikono yako, wala usiwaachie watoto. Nailoni hukata ngozi ikazama ndani, na mbwa mwenye maumivu huuma hata anayemsaidia. Mwite afisa mifugo wa kata. Mbwa huyo pengine hajachanjwa, kwa hiyo waulize watoto mmoja mmoja, kwa upole, kama kuna aliyeumwa au kuparuzwa. Wataficha kwa kuogopa fimbo, waahidi hapigwi mtu. Aliyeumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha siku hiyohiyo apelekwe hospitali akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Asisubiri kuona kama ataugua, kwa sababu dalili zikishaanza hakuna dawa.