Usishushe giaboksi kwa ajili ya sili kabla hujaosha injini

Gari langu ni Corolla 110 yenye injini ya 5A, gia za mkono, na dashibodi inasoma kilomita 291,000. Mwaka juzi lilianza kudondosha oili. Mwanzoni lilikuwa tone moja la usiku, doa kama sarafu ya shilingi mia, pale chini injini inapoungana na giaboksi. Baada ya miezi mitatu nikawa naongeza karibu lita nzima kila wiki mbili. Nimelipia kushusha giaboksi mara mbili kwa ugonjwa huohuo, na ningeweza kushusha mara moja tu.

Fundi wa kwanza aliingia chini, akatoka na kidole cheusi, akasema, "Bosi, hiyo ni sili ya nyuma ya krenki." Hakuokota maneno hewani. Sili hiyo ni pete ya raba inayozuia oili pale krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapotokeza nje ya injini. Inakaa nyuma ya flaiwili, gurudumu zito linaloshika klachi, na ikichoka oili hutokea hapohapo. Joto la miaka hukausha raba yake, ule mdomo unaoikumbatia krenki unakuwa mgumu kama plastiki, na springi nyembamba inayoubana inalegea. Kwa gari lililotembea sana ni jambo la kutarajia. Nikakubali. Giaboksi ikashuka, sili mpya ikaingia, nikalipa ufundi wa siku nzima kwa kipande cha raba cha kushika mkononi. Wiki mbili baadaye boksi nililotandika chini ya gari lilikuwa na doa tena.

Tulikosea kwa kutoosha injini. Mara nyingi oili haivuji pale unapoiona. Inateremka, upepo unaisukuma nyuma, vumbi linainywa, mwisho chini kote kunakuwa tope moja jeusi lisilosema limeanzia wapi. Fundi wa pili, mzee wa gereji moja ya Ilala, alikataa hata kuliangalia gari. "Kaoshe kwanza, mwanangu, halafu tuongee." Tukasugua kwa dizeli na brashi, injini ikiwa imepoa, tukasuuza, ikakauka. Akanyunyiza poda ya watoto kwenye viungo vyote upande wa giaboksi, kisha nikaenda nalo hadi Ubungo na kurudi. Tulipofungua boneti poda ilikuwa nyeupe kila mahali, ila mchirizi mmoja mwembamba wa kahawia uliokuwa unatoka chini ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi.

Mwenye injini ya Toyota ya 4A, 5A au 7A yenye distribyuta ashike hili. Distribyuta imechomekwa mwishoni mwa silinda hedi, juu ya giaboksi, na inazuia oili kwa o-ringi moja tu, pete ndogo ya raba. O-ringi ikikauka, oili inateremka juu ya giaboksi na kwenda kudondokea palepale ambapo sili ya nyuma ingedondosha. Kuibadilisha ni kazi ndogo: unapiga alama ili distribyuta irudi ilipokuwa na taimingi isivurugike, unafungua bolti zake, unachomoa, unabadili, unarudisha. O-ringi yenyewe haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai.

Tone likapungua sana, lakini halikuisha.

Mzee akachomoa vali ya bridha kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, akaitikisa sikioni mwangu. Kimya. Nzima hulia kama njugu ndani ya kopo. Yangu ilikuwa imeziba kwa masizi, na mpira wake nao umejaa utelezi mweusi. Hapo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: gesi inayopenya kando ya pistoni lazima ipate njia ya kutokea. Bridha ikiziba, presha inajikusanya ndani na kusukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Unaweza kufunga sili mpya kila mwezi na bado ukalala na doa. Iangalie bridha kabla ya kununua chochote.

Baada ya hapo ndipo tukashusha giaboksi mara ya pili. Ile sili "mpya" ilikuwa imegongwa ikiwa kavu, na sehemu ya mdomo wake, kama upana wa ukucha, ilikuwa imejikunja kwa ndani. Mzee akaushika mkono wangu, akapitisha kidole changu juu ya krenki. Ukucha ukanasa kwenye mfereji. Mdomo wa sili ya zamani ulikuwa umekula chuma kwa kilomita zote hizo, na mpya ilikuwa imekaa juu ya mfereji uleule. Safari hii hakuizamisha hadi pale. Aliiacha nje kama milimita moja na nusu ili mdomo ukae kwenye chuma laini. Mfereji ukiwa mkubwa kuna bushi nyembamba ya chuma ya kuvalisha krenki. Alipaka oili mdomoni, akaigonga kidogo kidogo kuzunguka kwa kutumia sili ya zamani kama kibao cha kugongea, wala bisibisi haikugusa krenki. (Sili za teflon zisizo na springi hufungwa kavu, soma karatasi yake.) Alibadili pia silikoni ya kava linaloshika sili, maana nalo huvuja.

Giaboksi ikiwa chini, angalia klachi pleti, rilizi beringi na sili ya mbele ya giaboksi yenyewe. Kama kinachovuja kina harufu kali ya kiberiti, hiyo ni oili ya giaboksi, na krenki haihusiki.

Dawa za kopo za kuzuia kuvuja huvimbisha raba. Zinaweza kukusogezea miezi kadhaa sili ikiwa imekauka tu. Mdomo uliokatika au krenki iliyolika haziponi kwa dawa.

Jambo moja lingenizuia kabisa kushusha giaboksi. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha oili. Kama bridha ni nzima na bado moshi unapuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha, na hakuna sili itakayodumu hapo. Giaboksi iache juu, na pesa hiyo itunze kwa ajili ya ringi.