Hayo si ebinyo, ni machonge ya mtoto

Hapana dada, usimpeleke mtoto wako anayehara na kuwa na homa kwa mganga achokolewe ufizi kutoa "ebinyo", yale "meno ya uongo" ambayo watu wanasema ndiyo yanaleta ugonjwa. Hivyo vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto wa miezi 7 si "ebinyo" wala si minyoo, ni machonge yake ya utotoni bado yako ndani yanajijenga, yatatoka yenyewe akifika kama mwaka na nusu hivi. Kuhara na homa vina sababu nyingine, mara nyingi maji au chakula kichafu maana umri huo kila kitu anaweka mdomoni, na malaria pia ipo, kwa hiyo mpeleke helthi senta leo apimwe damu, apewe ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na zinki, na uendelee kumnyonyesha.

Nasema hivi kwa sababu mtoto wa dada yangu hapa Arua, Uganda, alichokolewa ufizi hivyohivyo na spoku ya baiskeli, alitoka damu usiku mzima na mama yake anabadilisha kitambaa tu, sasa ana miaka 12 na chonge la kudumu upande mmoja limetoka limepinda na lina madoa ya kahawia, maana kile chuma kinagusa hadi mbegu ya jino la ukubwani. Na spoku ileile inapita kwa watoto wengi, pepopunda na HIV vinaingia hapo.

Ufizi we ufute tu na kitambaa safi chenye maji, jino la kwanza likitoka ndo uanze mswaki laini na dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele.