Maswali na Majibu: Dumuzi Ghalani

*Mahindi yangu yanatoa unga kama yamesagwa, na hayajamaliza hata miezi mitatu ghalani. Ni fukusi? (Msomaji, Urambo)*

Unga mwingi kiasi hicho ni kazi ya mdudu aitwaye dumuzi. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka; dumuzi ni mnene wa mviringo, rangi ya kahawia, na ukimtazama kwa juu kichwa hukioni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku kwetu alionekana kwanza mkoani kwenu Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakambandika jina la Scania. Makopa ya muhogo pia anayamaliza, na hata mbao za ghala anazitoboa na kujificha humo. Kwa hiyo kabla ya mavuno mapya kuingia, ondoa mabaki yote ya msimu uliopita, fagia, choma takataka, ziba nyufa. Magunia ya zamani yachemshe, kisha yaanike juani.

*Baba yetu alihifadhi mahindi na magunzi yake darini, nasi tunafanya hivyo hivyo. Kuna ubaya?*

Siku hizi upo. Punje iliyoshikwa na gunzi haisogei, na dumuzi anapata pa kuegemea anapotoboa. Ukipukuchua, punje zinamponyoka. Dawa ya vumbi nayo haiwezi kuenea vizuri kwenye magunzi. Mzee hakukosea, alihifadhi hivyo kabla mdudu huyu hajafika.

*Nitajuaje yamekauka vya kutosha? Kipima unyevu sina.*

Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi iliyokauka kabisa. Tia mahindi kiasi na chumvi kidogo, funga, tikisa vizuri, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15: rudisha juani, juu ya turubai, wala si udongoni. Isipoganda, umekaribia. Kwa kuhifadhi muda mrefu lengo ni asilimia 13 hivi, kwa hiyo siku moja zaidi ya jua kali haiharibu kitu.

*Dawa ya vumbi au mifuko isiyopitisha hewa?*

Mimi nachagua mifuko, hasa kwa mahindi ya kula nyumbani. Mfuko wa PICS, aina mojawapo ya mifuko hiyo, una mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Wadudu waliomo wanavuta oksijeni mpaka inapungua, wanaacha kula, wanakufa. Sharti ni mahindi makavu, hewa ikamuliwe, kila mfuko ufungwe kivyake kwa nguvu, na usifungue kila wiki kuchungulia. Ukitaka ya kula sasa, yaweke kando kabla ya kufunga.

Ukitumia dawa, nunua iliyosajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na iwe ile yenye viambata viwili, kimoja cha fukusi na kimoja cha dumuzi. Changanya mara tu baada ya kupukuchua mahindi makavu, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ukisubiri mpaka uone unga, mayai na viluwiluwi wameshaingia ndani ya punje.

*Jirani ananishauri niweke vidonge vya gesi kwenye magunia. Tunalala chumba hicho hicho na watoto.*

Usiweke, dada yangu! Vidonge hivyo hutoa fosfini, gesi inayoua watu kama inavyoua wadudu. Hiyo ni kazi ya wataalamu, kwenye ghala lililofungwa na lisilolala mtu. Kama umeshaviweka, toeni watoto sasa hivi, msirudi humo kulala, na mwite afisa kilimo avitoe. Mtu akiumwa kichwa, akitapika au kupumua kwa shida, kimbilieni hospitali mkaeleze ni vidonge gani.

*Yaliyotobolewa yanaliwa?*

Kama hayakutiwa dawa na hayana ukungu, pepeta, chagua, saga. Yenye ukungu au harufu ya uvundo msile, wala msiwape kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.